Pembe Iliyoota Vidole

Mwezi uliopita niliingia kwenye duka la nafaka hapa Kahama kununua mchele wa vitumbua. Nilikuwa na ndoo ndogo mkononi, na kichwani napanga meza za hoteli yangu, ambayo bado haijawa hoteli, ni banda la chai tu nyuma ya stendi, lakini mimi naipanga kila siku hivyo hivyo: meza za kijani, vitambaa vyeupe, kabati la kioo la kuonyeshea maandazi. Nikainua macho kutafuta bei. Juu ya mizani, kwenye ukuta, ilikuwa imening'inizwa pembe ya ng'ombe kwa waya, na upande mmoja wa ile pembe ulikuwa umeota vidole. Sisemi nyufa wala michirizi. Vidole vyembamba vya rangi ya udongo, vimejikunja kidogo kwenye ncha, kama mkono wa mtu aliyelala. Ndoo ikanitoka, ikabingirika hadi chini ya meza, na mimi nikabaki nimesimama mdomo wazi kama mtu aliyeitwa jina lake porini.

Mwenye duka alikuwa ameinamia gunia, mgongo mpana umeziba mlango wa stoo. Akanyanyuka kwa kelele ya ndoo, akanitazama, akaitazama pembe, akanitazama tena. Alikuwa Mabula. Sikuwa nimemwona tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, siku aliponinyooshea mkono mbele ya watu akaniambia niondoke kambini kabla jua halijazama. Nikatoa shikamoo kwa sababu mdomo umezoea. Akaitikia marahaba, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kabula. Mpaka leo unaogopa pembe?" Nikaketi juu ya gunia bila kukaribishwa.

Mwaka ule nilitoka kijijini kwetu Samuye na cheti cha darasa la saba na matumaini mengi kuliko nguo, nikaenda kupika machimboni, mbele kidogo ya Masumbwe. Nilipika na Mama Shija, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuanzia tumboni, na jiko letu lilikuwa turubai la bluu lililofungwa kwenye miti minne. Jua likipiga, wote tuliokuwa chini yake tuligeuka bluu, ugali bluu, meno bluu, kama tunaishi ndani ya maji. Nilikuwa naipenda sana ile rangi. Leo nikiifikiria nasisimka. Asubuhi tulitoa uji na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa vya kwetu, vilivyopikwa na karanga. Mchana ugali wa dona na dagaa, au mlenda siku ambazo mkono ulikuwa mfupi. Wachimbaji walikula wakiwa wamechuchumaa kuzunguka sinia, vumbi jeupe limewaganda kwenye kope, na walisema kila kitu mbele yetu kana kwamba wapishi hawana masikio. Nilijua nani ana mtoto mgonjwa, nani anadanganya kwao kwamba ana kazi ya ofisini, nani analia akiwa chini. Mabula alikuwa msimamizi wa shimo, au duara kama tunavyoliita, na neno lake lilikuwa moja tu siku zote.

Na kulikuwa na Masanja. Masanja alikuwa mwembamba kama fimbo ya mchungaji, na kila asubuhi alitangaza uji kama mpira wa redioni. "Mama Shija anachota, anampita mmoja, anampita wa pili, anamtazama Rashidi, anamnyima, anamimina kwa Masanja." Rashidi, kijana wa Kigoma mwenye maneno makali, alikuwa anasema huyu mtu siku akifa atatangaza mazishi yake mwenyewe. Tulicheka. Masanja aliniambia siku moja, akiwa ananisaidia kubeba kuni, kwamba akipata atajenga nyumba ya tofali za kuchoma na mbele yake hoteli yangu. Alikuwa ameichora mavumbini kwa kidole cha mguu, hata kabati la kioo alilikumbuka. Basi mimi tangu hapo nikawa mtu wa kumtazama akishuka na kumtazama akipanda, na katikati ya hapo nachambua dagaa bila kuwaona.

Kati ya jiko na duara palivutwa kamba ya katani, na mwanamke hakuruhusiwa kuivuka. Ilisemwa dhahabu inakimbia. Mama Shija alisema kama dhahabu inakimbia wanawake basi ina akili kuliko Baba Shija, lakini hata yeye hakuivuka. Pale pale kwenye kamba ndipo ilipolazwa pembe. Duara letu lilikuwa kavu, na mwenye duara, Mzee Luhende, alikuwa anauza ng'ombe wake kutulisha. Mganga akamwambia alete pembe ya mnyama aliyemtumikia kwa uaminifu, ilazwe juu ya kichuguu cha udongo, isiguswe, isihamishwe, itaonyesha yenyewe pa kuchimba. Mzee akaleta pembe ya Kapteni, maksai wake wa kulimia, aliyekuwa amekufa kwa uzee. Aliilaza kwa mikono miwili kama anamlaza mtoto, akaifunika kwa kipande cha bati. Nilimwonea huruma mpaka nikamwongezea mboga mchana ule bila kuulizwa.

Miezi ikapita, mvua zikaja. Asubuhi moja Mama Shija alikuwa anatoka kuchota maji, nikamwona ameweka ndoo chini katikati ya njia. Mama Shija hakuwa mtu wa kuweka ndoo chini. Hakuniita, alinipungia tu kwa vidole. Nikaenda, na chini ya lile bati nikaona pembe ya Kapteni imeota. Vidole vinane au tisa, vimetoka ubavuni vikiwa na udongo udongo, vyote vimeelekea upande mmoja. Nywele zilinisimama hadi shingoni. Wanaume wakaja na vikombe vyao vya uji mikononi, wakaizunguka kwa mbali kama moto. Uji wa Masanja ulikuwa unamwagika kwenye mguu wake naye hasikii moto. Mwishowe Mzee Luhende akapiga magoti kwenye tope, akasema, "Kapteni." Basi. Jina tu.

Shida ilikuwa upande wenyewe. Vidole vilielekea bondeni, na bondeni kulikuwa na duara la zamani, la watu waliokwisha kuondoka, mdomo wake umezibwa na matawi na udongo. Mvua zikinyesha vyura walilia humo chini, na sauti yao ilikuja kama inatoka kwenye pipa. Mabula alikuwa amekwisha kusema mara nyingi: upande wa vyura hatuchimbi. Nilikuwa nasugua masufuria nyuma ya jiko nikamsikia akimweleza Mzee Luhende kwamba kule kuna maji, ukitoboa ukuta umetoboa mtungi. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama yeye anajua zaidi ya pembe. Mabula akaligeukia lile bati. Yeye naye alikuwa ameviona vile vidole kwa macho yake, na mtu ukishaona kitu kama kile, maneno yako mwenyewe yanakuwa madogo. Jioni akawaambia vijana wakate matimba, ile miti ya kuzuia udongo, kwa ajili ya njia mpya. Njia ingekuwa nyembamba, kwa hiyo wa mbele awe mwembamba kuliko wote. Masanja alikuja kuniambia anacheka, eti amepewa namba tisa mgongoni.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyo. Mbuzi wa Mama Shija ndiye aliyeigonga pembe, akitafuta chumvi. Wanaume wakamfukuza kwa mawe, wakairudisha pembe vile vile ilivyokuwa, ila kidole kimoja kilikuwa kimekatika na kubingirika upande wetu wa kamba. Nilikiokota kwa jani la mbuyu. Nilitegemea kiwe kizito, kumbe kilikuwa chepesi kama ganda la karanga, na mahali kilipokatika palikuwa na tundu lenye utando mweupe ndani. Kisha ule utando ukacheza. Nilitaka kukitupa. Badala yake nikakitia kwenye chupa tupu ya jamu, nikaifunga mdomo kwa kipande cha kanga, nikaificha nyuma ya gunia la dona. Ndani mlikuwa na kiwavi. Mweupe wa maziwa, kichwa cha kahawia, hana haraka. Kidole chote kilikuwa nyumba yake, ameijenga kwa uzi wake na unga wa pembe aliyoitafuna na kinyesi chake. Nilimwonyesha Mama Shija. Aliigeuza chupa juani, akaniuliza, "Yaani pembe inaliwa?" Swali hilo ndilo lililotushtua zaidi ya vidole vyenyewe. Meno yetu sisi yalishindwa na mfupa wa mbuzi, na hiki kilaini kama uji kinakula pembe ya Kapteni.

Wiki mbili tatu zikapita, huku chini njia ya bondeni inakwenda mbele na mimi namhesabu Masanja akipanda kama mama anayehesabu vifaranga. Asubuhi moja nikafungua gunia la dona, na kwenye chupa palikuwa na ganda tupu limejichomeza kwenye ncha ya kidole, na pembeni yake ametulia nondo. Mdogo. Mabawa ameyafunga mgongoni kama paa la nyumba, rangi ya pumba za mpunga, huwezi kumwona kwenye ukuta wa udongo hata akikusalimia. Lakini kichwani alikuwa na manyoya ya njano, yamesimama, laini kama ya kifaranga aliyetoka kukauka. Nilishtuka kwa jinsi alivyokuwa mzuri. Nilikuwa nimelala usiku wote naogopa jini, na jini lenyewe limechana nywele. Baadaye sana, bwana mifugo mmoja anayekunywa chai bandani kwangu aliniambia nondo hawa wako sehemu nyingi za Afrika, popote wanyama wenye pembe wanapofia. Wanataga kwenye pembe na kwato za waliokufa, hawamgusi aliye hai, na akishakuwa na mabawa hali tena, anaishi kidogo, anataga, basi. Vidole hutokea upande wowote palipo na kivuli na udongo. Nilimwuliza kama vinaweza kuonyesha kitu. Akacheka, akaomba andazi la pili. Mimi sikucheka.

Mchana ule Masanja na wenzake walikuwa wanakula ili washuke zamu ya mwisho mwisho. Ilisemwa mwamba wa mbele umebadilika rangi na mzigo, yaani mawe yenye dhahabu, uko karibu. Nikachukua chupa, nikaiweka katikati ya sinia, juu ya ugali. "Huyu ndiye aliyekuwa ndani ya kidole," nikasema.

Mikono yote ikasimama. Rashidi akasema alidhani leo kuna nyama, lakini hakuna aliyemfuata kwa kicheko. Masanja akaiinua chupa, akaigeuza kwenye ile nuru ya bluu, nondo akatembea hatua mbili. Mzee Luhende, aliyekuja siku hiyo kuona mzigo, akaniuliza nimekitoa wapi. Nikamweleza habari za mbuzi. "Umeigusa," akasema.

"Niligusa kilichoanguka, mzee. Shikamoo, lakini ni mdudu tu. Anakula pembe. Hajui dhahabu wala bonde."

"Na nani alimwambia atokee upande wa bonde? Mdudu naye anatumwa, binti yangu."

Nikaona vichwa vinatikisika kwa kukubali, kimoja, kingine, hata cha Rashidi. Sitaki kusema uongo, hapo ndipo niliposhtuka mwaka ule kuliko siku ya vidole. Nilikuwa nimeleta kitu cha kuonekana kwa macho, kina miguu, kina nywele, na wao wamekipokea wakakifanya mjumbe. Sikuwa na kitu kingine cha kuleta. Nikamtazama Masanja. Alikuwa bado ameshika chupa, na alipozungumza haikuwa sauti ya redio, ilikuwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia. "Mimi sishuki upande wa vyura."

Wakamzomea. Mwoga wa kipepeo, mume wa jikoni, mengine sitayaandika. Mabula ndiye aliyewanyamazisha. Alinawa mikono taratibu, kidole kwa kidole, akasema hashuki mtu yeyote, anashuka yeye peke yake na mtaimbo na kamba kiunoni, na akisikia mwamba mkavu wote watamfuata na Masanja atabeba viroba vya mawe mwezi mzima. Akashuka. Winchi ikalia. Tukasikia mtaimbo ukigonga mbali chini, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu. Halafu ukaacha kugonga. Halafu kamba ikavutwa kutoka chini, si mara moja, bali kama samaki aliyenasa.

Nilivuka. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka katani ikinikwaruza goti, na mikono yangu kwenye ile kamba nyuma ya mikono ya Masanja, na Mama Shija nyuma yangu na uzito wake wote, Mungu ambariki. Mabula akatoka akiwa tope kichwa hadi miguu, anakohoa maji. Alisema mtaimbo uliingia ukutani kama kwenye ugali, na alipouchomoa maji yalitoka unene wa mkono, kisha unene wa mtu. Chini tulisikia matimba yakivunjika, moja moja, bila haraka. Kisha maji yakaonekana kwenye mdomo wa duara, ya rangi ya chai ya maziwa, na juu yake kinaelea kiatu cha Mabula. Hakuna aliyekufa. Nilitaka kupiga vigelegele.

Nilipogeuka nikaona wote wananitazama. Mzee Luhende alikuwa ameushika mti wa winchi kwa mikono miwili. Ng'ombe wake wote aliowauza walikuwa mle ndani ya maji. "Mwanamke amegusa pembe," akasema. "Mwanamke amevuka kamba." Na watu niliowapikia uji asubuhi, ninaojua majina ya watoto wao, wakasogea nyuma hatua moja, kama nina ugonjwa. Rashidi akaokota jiwe, hakulitupa, alilishika tu. Nikamtafuta Mabula kwa macho, maana yeye ndiye aliyeyaona maji. Mabula akaninyooshea mkono unaodondoka tope. "Kabula. Ondoka hapa. Kabla jua halijazama."

Masanja alibeba mfuko wangu. Tulitembea njia ya Masumbwe, mimi nalia kwa hasira, mpaka aliposafisha koo na kuanza taratibu, "Kabula anatoka uwanjani. Kadi nyekundu. Mashabiki hawaamini." Nilimpiga na kandambili. Mpaka leo anatangaza chai bandani kwetu, wateja wengine wanakuja kwa ajili hiyo tu.

Basi nilikuwa nimekaa juu ya gunia dukani kwa Mabula, na maneno ya miaka yote hiyo yamenijaa kinywani. Kabla sijafungua mdomo wakaingia wateja, mama na binti yake, na yule binti akauliza ile ni nini ukutani. Mabula akasimulia. Kwamba ile pembe aliiokota kambini watu walipotawanyika, kwamba iliwaonya wachimbaji, kwamba ilionyesha kwa vidole mahali pa mauti ili wasiende, kwamba ndiyo dawa ya duka lake. Yule mama akaitazama kwa heshima, akaongeza kilo. Vidole vilivyotaka kumzika Masanja sasa ndivyo vilivyomwokoa.

Walipotoka hakunitazama. Akasema huku anafunga gunia, "Siku ile Mzee Luhende alikuwa anatafuta kwa macho watu wa kumuunga mkono. Ungebaki hadi jioni wangekudhuru. Nikaona afadhali uende ukinichukia mimi."

Kwa kukosa la kufanya nikainuka kuisogelea pembe, na hapo ndipo nilipoona si moja. Ile ya vidole, ya Kapteni, ilikuwa imebaki ganda, imetobolewa kama kitambaa cha kuchujia. Nyuma yake, imefungwa kwa waya ule ule, ilikuwa pembe nyingine mpya, bado ina alama ya shoka la machinjioni, na juu yake kumeanza kuota kidole kimoja kidogo. Nikamgeukia Mabula. Alikuwa anajikuna shingo kama mtoto aliyekutwa na sukari. Akasema ile ya zamani iliisha, na hao nondo wangekula nini.

Mkewe akatoka stoo na kandambili mkononi. Duka la mchele lina nondo wake, wale wa kijivu wanaoharibu nafaka, na Mama Nkwimba alikuwa anawapiga ukutani mmoja mmoja, pa, pa, anaendelea kuelekea kwenye mizani. Akainua mkono juu ya kinukta kimoja cha rangi ya pumba, chini kidogo ya pembe.

"Tazama kichwa kwanza, Mama Nkwimba," akasema Mabula.

Mkewe akainama, akatazama, akashusha kandambili.